Rivyu ya imatinib baada ya kuimeza miaka saba (na kuirukaruka mwaka mmoja)

Watu wanaandika rivyu za simu, za spika, za viatu, sijawahi kuona mtu kakaa chini kaandika ya kidonge. Lakini nikiangalia vitu vyote nilivyonavyo hakuna hata kimoja nilichokitumia muda mrefu kama hiki, simu zenyewe ndani ya hiyo miaka saba nimebadilisha tatu, kwaiyo nadhani na mi nina haki ya kusema neno.

Bidhaa yenyewe ni imatinib, wengi mtakua mmeisikia kwa jina la Gleevec au Glivec. Yangu ni 400 mg, kimoja kwa siku. Ni dawa ya saratani ya damu inayoitwa lukemia sugu ya mieloidi, hospitali kila mtu anaiita CML na mi ntaiita hivohivo maana lile jina refu linachosha mdomo. Nyota nampa nne kati ya tano, na ile moja niliyobania ntaeleza kwanini.

Nilianzaje. Uchovu tu, ule wa kuamka umechoka kuliko ulivyolala, na upande wa kushoto chini ya mbavu nasikia kumejaa, nikila kidogo tu tumbo limeshiba. Nikajua gesi. Miezi mitatu nameza dawa za gesi jamani! Kumbe ni bandama limevimba. Siku nimepimwa damu dada wa maabara akarudi kuchukua nyingine, akasema mashine kama inasumbua, haikua mashine, mtu mzima anatakiwa awe na seli nyeupe kama 4,000 mpaka 11,000 kwenye kila mikrolita ya damu, mi nilikua na 180,000. Dokta akanieleza vizuri tu, ila akamalizia na ile sentensi ambayo kila mgonjwa wa CML ameshaisikia na ameshaichukia, eti kama ni lazima upate saratani basi umepata ile nzuri. Saratani nzuri! Nikatoka pale nikawa nasema hiyo nzuri wangechukua wao.

Baadae nikaja kuelewa alikua anamaanisha nini, na ndo sehemu inayonifanya niandike rivyu ndefu hivi badala ya "dawa nzuri, inafanya kazi, asante".

Zamani mtu akiambiwa ana CML alikua anahesabiwa miaka mitatu mpaka mitano hivi. Kulikua na busulfan, ikaja hydroxyurea, hizo zinashusha namba za seli unapata nafuu lakini ugonjwa wenyewe unaendelea na safari yake chinichini, mwisho unalipuka unageuka lukemia kali. Ikaja interferoni, sindano ambazo zinakufanya ujisikie una mafua makali kila siku iendayo kwa Mungu. Au kupandikizwa uboho, ambayo ndo ilikua inaponya kweli, ila upate mtu anaefanana na wewe, uwe na umri unaoruhusu, na hapo bado yenyewe inaweza kukuua. Sasa nikifikiria mi namalizana na ugonjwa huohuo kwa kidonge kimoja baada ya chakula cha usiku, naona lazima nijue nani aliketi akakitafuta.

Nikaanza kusoma. Aisee.

Mwanzo wake ni Philadelphia mwaka 1960. Peter Nowell na kijana mmoja David Hungerford walikua wanaangalia seli za wagonjwa wa CML kwenye darubini wakaona kromosomu moja fupi isivyo kawaida, na inajirudia kwa mgonjwa huyu na yule. Kinachonifurahisha ni kwamba Nowell alianza kuziona kromosomu vizuri kwa sababu alisuuza vioo alivyoweka seli kwa maji ya bomba, maji yakazivimbisha seli na kromosomu zikatawanyika zikaonekana moja moja. Maji ya bomba tu! Wakaiita kromosomu ya Philadelphia. Wakati ule wengi walikua hawakubali kwamba saratani inaweza kuanzia kwenye kasoro ya jeni, kwaiyo ilibaki kama kituko fulani hivi cha maabara.

Alafu anakuja mama wa Chicago, Janet Rowley, huyu ndo kipenzi changu kwenye stori nzima. Alikua anafanya kazi nusu muda kwa sababu ya watoto, anarudi na picha za kromosomu nyumbani, anazikata na mkasi anazipanga kwenye meza ya kulia chakula, watoto wake wanamcheka kwamba mama anacheza na midoli ya karatasi. Na hapohapo mezani ndo akaona kwamba kile kipande kinachokosekana kwenye kromosomu ya 22 hakijapotea, kimehamia kwenye ya 9. Akachapisha 1973. Miaka ya 80 wengine wakaja kuona na ya 9 nayo imetoa kipande chake imepeleka kwenye 22, yaani wamebadilishana, na pale mahali vilipoungana kumezaliwa jeni ambayo mtu hazaliwi nayo, BCR-ABL, inatengeneza protini ambayo kazi yake ni kuiambia seli gawanyika, gawanyika, gawanyika, na haijui kunyamaza. 1990 wakaiweka kwenye panya, panya wakaugua ugonjwa unaofanana na CML. Hapo ubishi ukaisha, mchawi kajulikana.

Sasa Brian Druker. Huyu ni daktari wa saratani aliekua Boston, kichwani ana kitu kimoja tu, kuizima hiyo protini bila kugusa vingine. Mwaka 1993 akahamia Portland, Oregon, na akampigia simu Nicholas Lydon, mwanasayansi aliekua kwenye kampuni ya Ciba-Geigy kule Basel Uswisi, ambako mkemia Jürg Zimmermann na wenzake walikua wanatengeneza kemikali za kuzuia protini za aina hiyo. Akatumiwa kemikali kadhaa azijaribu kwenye seli za wagonjwa. Moja ikaua seli zenye BCR-ABL na zile nzima ikaziacha kwa kiasi kikubwa. Wakachapisha 1996. Ungedhani hapo watu wanakimbia kuitengeneza si ndio? Wapi. CML ni ugonjwa wa watu wachache, mtu mmoja au wawili kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, kampuni nayo mwaka huohuo ilikua inaungana na Sandoz kuwa Novartis, vipimo vya wanyama vikaonyesha ini linaweza kupata shida, kwaiyo kemikali ikawa inapigwa danadana. Jamaa akang'ang'ana nao. Mi kwenye maisha yangu nimeacha vitu kwa sababu ndogo kuliko hizo.

Juni 1998 ndo mgonjwa wa kwanza akapewa. Walianza na dozi ndogo sana, 25 mg, wakawa wanapanda taratibu. Walipofika 300 mg na kuendelea, kati ya wagonjwa 54 ambao interferoni ilishawashinda, 53 damu yao ilirudi kawaida. Hamsini na tatu! Hebu rudia kuisoma hiyo namba maana kwenye saratani namba za hivo huzikuti. Habari zikasambaa kwa wagonjwa wenyewe, mwaka 1999 mama mmoja wa Canada mwenye CML akaanzisha ombi kwenye intaneti, zaidi ya watu 3,000 wakasaini, likapelekwa kwa mkuu wa Novartis kwamba tengenezeni dawa ya kutosha watu wanakufa huku. Ikatengenezwa. Tarehe 10 Mei 2001 Marekani wakaipitisha. Mwaka 2009 Druker, Lydon na Charles Sawyers, aliefanya utafiti wake California, wakapewa tuzo ya Lasker kwa kazi hiyo.

Naomba nieleze inavyofanya kazi kwa lugha ya nyumbani, maana ndo inahusiana na ujinga wangu unaokuja. Chukulia una jirani anapiga muziki usiku kucha kwenye simu ambayo betri imekufa, inawaka ikiwa kwenye chaji tu. Huwezi kumvunjia mlango, ila ukipata kijiti cha saizi ileile unakichomeka kwenye tundu la chaji. Simu ipo, haijavunjika, ila chaji haiingii na muziki unakata. BCR-ABL nayo ina kishimo chake cha kupokelea ATP, hiyo ndo chaji yake, na imatinib inaenda kukaa humohumo. Dawa za zamani zilikua zinapiga kila seli inayogawanyika, nywele, utumbo, mdomo, kila kitu, hii inatafuta tundu. Si kwamba haikosei, kuna matundu mengine yanafanana nalo, ntayafikia. Ila ona tatizo la kijiti: ukikichomoa muziki unarudi. Mwilini nusu ya dawa inakua imeshaondoka baada ya kama saa 18, ndo maana ni kila siku, sio ukikumbuka.

Haya matumizi.

Wiki za mwanzo kichefuchefu, hasa nilipojifanya mjanja nikameza tumbo tupu. Imeandikwa kabisa meza na chakula na glasi kubwa ya maji, fuateni, msiwe kama mimi. Misuli ya mashavu ya miguu inakaza usiku mpaka unaruka kitandani, hiyo haijaisha mpaka leo ila imepungua. Asubuhi macho yanavimba kama nimelia usiku mzima au nimelewa, na maji kujaa mwilini kidogo, mizani inapanda bila sababu. Kuharisha mara mojamoja. Kwa upande wa damu lakini, wiki ya tano namba zikawa za kawaida, bandama likanywea, nikaanza kula sahani nzima.

Hii hapa sikuambiwa na mtu: rangi. Mwezi wa nne hivi nikaanza kuwa mweupe usoni. Kazini wakaanza kunongona kwamba najichubua! Mtu mzima naulizwa natumia krimu gani. Ikabidi nimuulize dokta akacheka kidogo afu akaeleza, imatinib inaziba na tundu la protini nyingine inaitwa KIT, na seli zinazotengeneza rangi ya ngozi zinaihitaji hiyo KIT, kwaiyo kwa watu weusi inaonekana zaidi. Haina madhara makubwa, ila jua linakuchoma zaidi. Hilohilo kosa lake limekua faida kwa wengine, kuna uvimbe wa tumbo na utumbo unaitwa GIST ambao mara nyingi unaendeshwa na KIT iliyoharibika, na 2002 dawa hii ikapitishwa kutibu na huo. Mi bado nadhani mtu angeniambia mapema ningejiandaa na maneno ya watu. Nusu nyota imeondoka hapo, kwa sababu ya maelezo, sio dawa.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Mwaka wa pili nilikua mzima. Mzima kabisa, yaani hata jina la ugonjwa nilikua nalisahau. Kipimo kikubwa cha CML ni PCR, wanahesabu mabaki ya BCR-ABL kwenye damu kwa asilimia, wanategemea miezi mitatu uwe umeshuka chini ya 10, miezi sita chini ya 1, mwaka mmoja 0.1 au chini yake. Mi mwaka mmoja nilikua 0.05, dokta kanipa mkono. Ndo nikaanza kujipa likizo. Nikisafiri naiacha, nikiwa na sherehe siimezi sitaki macho yavimbe kwenye picha, wikiendi najiambia mwili upumzike. Nadhani nilikua naruka siku saba nane kwa mwezi na sikuona tofauti yoyote, hapo ndo mtego ulipo, hakuna kinachouma.

PCR iliyofuata 0.2. Iliyofuata 0.8.

Dokta akaniuliza, "Unameza kila siku?" Nikasema ndiyo dokta. Akaandika. Akaniangalia. Akaanza kunihadithia utafiti wa London uliochapishwa 2010, wagonjwa 87 wa CML wanaotumia imatinib waliwekewa chupa za dawa ambazo kifuniko kina kifaa kinachorekodi kila kikifunguliwa, miezi mitatu. Waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya dozi zao, uwezekano wa kufika ile 0.1 ndani ya miaka sita ulikua asilimia 94.5. Waliomeza 90 kushuka chini, 28.4. Na wale wa 80 kushuka chini hakuna hata mmoja aliefika. Afu akanyamaza. Asilimia 90 ni kukosa siku tatu tu kwa mwezi jamani, mi nilikua kwenye 75. Nikasema dokta naomba nibadilishe jibu langu la mwanzo.

Ikabidi nipimwe kama kuna mabadiliko kwenye jeni, maana ugonjwa nao una akili, ukipewa nafasi unabadilisha umbo la tundu na kijiti hakiingii tena. Yule Sawyers na wenzake ndo waliligundua hilo mwaka uleule wa 2001 dawa imetoka tu, badiliko moja linaitwa T315I na nilikua nimesoma kwamba hilo imatinib haina ujanja nalo kabisa. Majibu wiki tatu. Nilikonda kuliko nilipokua na bandama. Dada yangu mkubwa ndo nilikaa nae kipindi hicho, siku nimemwelekeza stori nzima ya maji ya bomba na midoli ya karatasi akaniambia, "Sasa mdogo wangu, watu wamehangaika miaka arobaini, we umekiacha kwenye droo ya soksi?" Sikua na jibu, na kweli kilikua kwenye droo ya soksi.

Majibu yakaja hakuna badiliko. Nikarudi kumeza kila siku, alamu saa mbili usiku, na dada akawa ananitumia alama ya kuuliza tu kwenye simu, hakuna salamu, alama ya kuuliza. Ilichukua zaidi ya mwaka kurudi chini ya 0.1.

Niseme haraka na mengine watu huniuliza. Ya jenerik (dawa ileile ila imetengenezwa na kampuni nyingine) ni sawa? Kwangu ndiyo, nilianza na ya Novartis nikahamishiwa jenerik nikiwa na wasiwasi kibao, PCR haikutikisika. Hizo jenerik zina historia yake, Mahakama ya Juu ya India tarehe 1 Aprili 2013 iliikatalia Novartis hataza, yaani haki ya kuitengeneza peke yao, kwa umbo jipya la fuwele la dawa hii, na wagonjwa wa nchi nyingi wasio na hela wakawa na pa kupumulia. Mwaka huohuo zaidi ya madaktari 100 wa CML waliandika kwa pamoja kulalamikia bei za dawa hizi. Kitu kikiponya afu mtu hakifikii ni kama hakipo, basi hapo ndo nusu nyota nyingine imeenda.

Balungi acheni, linavuruga dawa mwilini, na dawa za mitishamba msichanganye kabla hamjamwambia dokta. Hata panadoli ulizeni kwanza kwa sababu ya ini. Kina dada, ukiwa unaitumia usipate mimba bila kupanga na dokta, na mkisikia mtu anasema haina shida msimsikilize.

Na jambo moja naomba nieleweke, kila wiki napata mtu anasema mjomba wangu ana saratani ya damu, nimnunulie hii? Hapana! Lukemia zipo nyingi. Hii ni kwa zenye kromosomu ya Philadelphia, yaani CML na aina fulani ya lukemia kali ya limfu, ambayo nayo inahitaji na dawa nyingine juu yake. Kama tundu halipo kijiti cha nini.

Washindani wake: dasatinib na nilotinib, zina nguvu zaidi na zinashusha PCR haraka, ila dasatinib inaweza kuleta maji kuzunguka mapafu na nilotinib inasumbua mishipa ya moyo na inataka umeze ukiwa na njaa mara mbili kwa siku, mi na ratiba yangu hiyo ningefeli wiki ya kwanza. Ponatinib ndo ya wale wa T315I, na asciminib iliyopitishwa Marekani 2021 haiingii hata kwenye lile tundu, inashika sehemu nyingine kabisa ya protini. Imatinib ndo mzee wao, polepole, lakini ndo tunamjua tabia zake zaidi, wagonjwa wa ule utafiti mkubwa wa IRIS walioanza na imatinib walifuatiliwa miaka 10 na asilimia 83 walikua hai.

Inaponya? Hapo ndo penye mchezo. Wafaransa waliwasimamisha dawa watu 100 ambao PCR ilikua haioni kitu kwa miaka miwili na zaidi, kama 40 hivi kati yao wakabaki salama bila dawa, waliobaki ugonjwa ukarudi, wengi ndani ya miezi sita ya kwanza, wakaanza tena kumeza na ukashuka. Nilimuuliza dokta na mi lini nijaribu. Akafungua faili, akahesabu kwa kidole toka ile 0.8, akasema bado. Ule mwaka wa wikiendi umenirudisha nyuma foleni, sina wa kumlaumu.

PCR nyingine ni wiki ijayo, majibu yakitoka ntaongezea hapa chini.